Gari linavuja usiku, mchana limenyamaza: shajara ya pampu ya maji

Nilipoanza kutafuta habari za gari la kisasa linalopoteza koolanti (maji ya kupoza injini) bila tone kuonekana chini, ushauri niliokutana nao kwa Kiswahili ulikuwa mmoja tu: ng'oa themostati, ile vali inayoongoza joto la injini. Ndiyo maana naweka kumbukumbu hii, ili mwenye tatizo kama langu aone njia niliyopita na mahali nilipopoteza hela. Gari ni dogo, la Ulaya, toleo la 2014, petroli, lita 1.4 yenye turbo. Liliingia nchini kutoka Japani likiwa na kilomita 61,000. Mimi si fundi, ila kila kilichofunguliwa nilikuwa nimesimama pembeni na tochi.

6 Julai 2024, kilomita 88,412. Kitonga

Nilitoka Morogoro saa 12 asubuhi kwenda Iringa kwa mama. Mpaka Ruaha Mbuyuni safari ilikuwa shwari. Kitonga nikapanda nyuma ya semi iliyobeba kontena, mwendo wa kinyonga, AC inawaka. Katikati ya mlima ikawaka taa nyekundu ya koolanti na mlio juu. Mshale wa joto ulikuwa umetulia kwenye 90, palepale unapokaa kila siku.

Nikazima AC, nikawasha hita hadi mwisho, nikasogea mpaka penye upana kidogo nikazima injini. Chupa ya koolanti ilikuwa tupu kabisa. Vijana wawili walikuja na ndoo wakitaka kufungua kifuniko hapohapo, nikawakatalia. Mfumo ukiwa wa moto una presha, na ukifungua maji yanaruka usoni. Nilisubiri dakika 50, nikafungua kwa kitambaa nikigeuza kidogo kidogo, nikajaza chupa tatu za maji ya kunywa za lita moja na nusu. Nikafika Iringa mwendo wa 60, macho kwenye dashibodi.

Chini ya gari sikuona tone.

8 Julai. Gereji ya kwanza, Iringa

Fundi aliangalia hozi, rejeta na chini ya injini. Kukavu. Akasema kifuniko cha chupa kimechoka, kinaachia mvuke. Tukabadilisha kifuniko na klampu moja ya hozi ya juu. Halafu akaniambia, "Dada, ukitaka utulie moja kwa moja, tutoe themostati. Huku kwetu hakuna theluji."

Nilikataa, na nieleze sababu, maana hili linaharibu magari mengi. Themostati haikuwekwa kwa ajili ya theluji. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi na kulishikilia hapo. Ukiitoa, kompyuta inaamini injini bado ni ya baridi, inaendelea kumwaga petroli nyingi, oili haipati moto wa kutosha kukausha unyevu, na plagi zinaota masizi. Zaidi ya hapo, kwenye injini hii themostati ziko mbili, moja inafunguka kwenye nyuzi 87 kwa ajili ya silinda hedi (kichwa cha injini) na nyingine nyuzi 103 kwa ajili ya bloku (mwili wake). Zote zimefungwa ndani ya nyumba moja ya plastiki pamoja na pampu. Huwezi kuchomoa moja ukaacha mengine salama.

Kuhusu kifuniko fundi hakuwa amekosea kwa wazo. Kifuniko ndicho kinachoshika presha, na presha ndiyo inayozuia maji yasichemke. Iringa iko juu kiasi kwamba maji ya sufuria yanachemka karibu nyuzi 95. Yakiwa yamefungwa kwa presha ya bar moja ya ziada yanavumilia hadi karibu 120. Ila kifuniko changu cha zamani tulikuja kukipima baadaye, kilikuwa kizima.

Gharama: kifuniko shilingi 45,000, ufundi 20,000.

14 Julai. Morogoro, kuanza kupima badala ya kubahatisha

Nilibandika kipande cha utepe mweupe kwenye chupa ya koolanti, juu ya usawa wa maji, nikaandika tarehe kwa kalamu ya wino. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, naangalia. Baada ya siku sita usawa ulikuwa umeshuka upana wa vidole viwili. Kwa hiyo maji yanaondoka, ni kweli, lakini chini ya gari bado ni kukavu.

Maji yasiyoonekana yanatisha kwa sababu yanaweza kuwa yanaingia ndani ya silinda kupitia gasketi ya hedi. Nilipeleka gari wanakopima kwa dawa ya bluu: chombo cha kioo kinawekwa juu ya mdomo wa chupa ya koolanti, injini inawashwa, hewa inayotoka inapitishwa kwenye ile dawa. Kama ina moshi wa silinda, bluu inageuka njano. Dakika kumi nzima ilibaki bluu. Nilishusha pumzi. Oili nayo ilikuwa safi, bila utandu wa rangi ya maziwa kwenye kifuniko.

Siku hiyohiyo nilinunua kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinachotuma namba za kompyuta ya gari kwenye simu. Hapa nikajifunza jambo lililonishtua. Kwenye simu joto lilikuwa linacheza kati ya nyuzi 84 na 106 kufuatana na barabara, na muda wote huo mshale wa dashibodi umesimama 90 kama umegongewa msumari. Kompyuta imepangwa kuuweka hapo ndani ya mapana fulani ili dereva asihangaike. Mtu anayesema "mshale wangu haujawahi kupanda" hana habari kamili ya gari lake. Mimi nilikuwa mmoja wao kwa miaka mitatu.

Gharama: kipimo cha gasketi 30,000, kifaa cha simu 35,000.

21 Julai. Kosa langu la kwanza

Niliweka dawa ya unga ya kuziba rejeta, kopo moja. Muuzaji aliapa kwamba haina madhara, na nilikuwa na safari nyingi za kazi wiki hiyo. Siku nane usawa haukushuka. Nilifurahi mno, nikamwambia kila mtu.

Naandika hapa ili usirudie: ule unga hauchagui pa kuziba. Unaganda popote maji yanapopita taratibu, na kwenye gari la kisasa mahali pembamba ni pengi: rejeta ya hita, vijia vya kupoza turbo, sili ya pampu yenyewe (kizibo kinachozuia maji yasitoke kwenye shafti yake). Chupa yangu ya koolanti iligeuka kahawia kama chai ya mkandaa, na mpaka leo haijarudi kuwa nyeupe.

Gharama: 18,000 za dawa. Zile 40,000 za kuusafisha zipo mbele.

4 Agosti. Iringa tena, saa 12 alfajiri

Mama ndiye aliyeona. Aliamka kuwasha jiko, akapita uani nilipoegesha, akaja kugonga dirisha. "Mwanangu, gari lako linavuja usiku, mchana limenyamaza."

Nikatoka na shuka begani. Iringa mwezi huo baridi inang'ata, pumzi inaonekana. Kwenye saruji kulikuwa na doa la ukubwa wa sahani ya chai, linanata kidogo kidoleni, lina harufu tamu. Tone lilikuwa linaning'inia chini ya giaboksi, upande wa kushoto wa injini. Nikakaa nikalitazama. Lilichukua karibu dakika tano kujaa na kudondoka. Nikawasha injini, ikashika moto, tone likakoma. Kufika saa tatu, jua limewaka, doa lenyewe lilikuwa limekauka na kuacha alama hafifu ya waridi.

Kumbe tangu Julai tulikuwa tunatafuta uvujaji saa ambayo haupo. Nyumba ya pampu ni plastiki na imefungwa kwenye aluminiamu. Injini ikiwa ya moto, plastiki inavimba na kubana mpira wa kuzibia. Chochote kinachopenya kinaangukia chuma cha moto na kugeuka mvuke kabla ya kufika chini. Gari likipoa, plastiki inanywea. Mpira uliokwisha kukauka na kupoteza unyumbufu haurudi kuujaza ule mwanya, na maji yanapenya nje tone kwa tone. Morogoro usiku wa joto, mwanya ni mdogo. Iringa ya Agosti umefunguka.

10 Agosti. Kipimo cha baridi

Nilimwomba fundi wangu wa Msamvu, hapa Morogoro, tupime kabla ya jua. Alikuja saa 11 na nusu alfajiri na pampu ya mkono ya kupimia presha, ile yenye saa na adapta za vifuniko. Gari lilikuwa limelala nje usiku kucha. Tukajaza bar 1.0 na kusubiri.

Dakika 15 mshale ukawa 0.8. Tukapandisha tena, fundi akaingiza kioo kidogo cha daktari wa meno chenye mpini nyuma ya silinda hedi, upande wa giaboksi, mimi nikimmulikia. Kwenye kile kioo tuliona nyumba nyeusi ya plastiki, na pale inapokutana na chuma palikuwa na ukoko wa waridi na nyeupe kama chumvi iliyokauka kwenye mtumbwi, umeshuka mstari mmoja hadi juu ya giaboksi. Chini yake kidogo, kwenye kitundu cha pampu, kulikuwa na unyevu.

Hicho kitundu kina maana yake. Watengenezaji wanakiacha makusudi kati ya sili na beringi, ili sili ikianza kuchoka maji yatoke nje badala ya kuingia kwenye beringi. Kikilowa, pampu inakuaga. Kwa hiyo tulikuwa na uvujaji wa aina mbili mahali pamoja: kiungo cha nyumba na sili ya shafti.

Tulirudia kipimo saa nne likiwa la moto. Mshale haukutikisika dakika kumi. Kama tungepima saa hiyo tu, tungesema ni kukavu, kama walivyosema Iringa.

Gharama: 25,000 kwa pampu ya kupimia na kuamka kwake mapema. Ndiyo hela iliyofanya kazi kuliko zote kwenye shajara hii.

17 na 18 Agosti. Pampu ya kwanza, na makosa matatu kwa siku moja

Nilipiga simu Kariakoo. Duka moja lilikuwa na pampu peke yake kwa 165,000, duka jingine pampu pamoja na nyumba yake, themostati zote mbili, mpira wa kuzibia na mkanda mdogo wa meno kwa 430,000. Nikachagua ya 165,000. Nilijua ninachohitaji ni sili mpya, nyumba ya zamani "tutaisafisha". Hilo ni kosa la kwanza.

Kufungua hakukuwa kugumu: nyumba ya filta ya hewa, bomba la upepo la turbo, kifuniko cha mkanda, hozi, boliti. Kwenye injini hii pampu haizungushwi na mkanda mkubwa wa mbele. Ina mkanda wake mdogo wa meno unaotoka kwenye kamshafti ya ekzosi (mhimili unaofungua vali za kutolea moshi), upande wa giaboksi. Tulikinga lita 5 na nusu za maji machafu.

Pampu ya zamani niliishika mkononi. Shafti ilikuwa na mchezo, ukiitikisa inagonga. Mapanga ya plastiki yalikuwa mazima lakini yamepakwa utando wa kahawia wa ile dawa yangu, na kwenye pembe za nyumba kulikuwa na vijidonge vyake. Fundi aliweka rula ya chuma juu ya uso wa nyumba. Mwanga ulipita katikati. Plastiki ilikuwa imepinda.

Hapo ndipo tulipaswa kusimama na kuagiza nyumba mpya. Jumamosi jioni, gari limefunguliwa, Jumatatu nina kazi. Tukaamua kuongeza gundi ya silikoni juu ya mpira ili ijaze pengo. Kosa la pili. Mpira wa aina hii umetengenezwa ukae mkavu kwenye mfereji wake. Ukiupaka silikoni unateleza, unatoka mahali pake ukikazwa, na silikoni inayozidi inaingia ndani ya njia ya maji.

La tatu lilikuwa mkanda. Pale hakuna tenshena, kile kifaa cha kukaza mkanda. Mkazo unapatikana kwa kusukuma pampu yenyewe kwa toki renchi, spana inayoonyesha nguvu unayotumia, mpaka kipimo kilichoandikwa kwenye mwongozo, na ukiwa bado umeishikilia hivyo ndipo unakaza boliti. Hatukuwa na toki renchi. Fundi alivuta kwa mkono, akabonyeza mkanda kwa kidole gumba, akasema umekaa. Na mkanda wenyewe ulikuwa ule wa zamani.

Gharama: pampu 165,000, parseli ya basi 8,000, koolanti 80,000, ufundi 80,000.

29 Agosti, kilomita 90,020

Wiki ya kwanza kimya. Kisha ukaanza mlio mwembamba kama wa mbu kila nikikanyaga mafuta, ukipanda na kushuka pamoja na injini. Siku tatu baadaye utepe kwenye chupa ukaonyesha maji yameshuka tena.

Fundi alifungua bila kudai hela, na alisema waziwazi, "Dada, hapa tumekosea wote wawili." Namheshimu kwa hilo. Mkanda ulikuwa umekazwa kupita kiasi na kingo zake zimetoa unyoya mweusi uliotapakaa ndani ya kifuniko. Beringi ya pampu ya siku 11 tayari ilikuwa inanguruma ukiizungusha kwa vidole. Ndani ya themostati ya nyuzi 87 tulitoa uzi wa silikoni wa urefu wa kidole changu cha mwisho, umenasa kwenye vali ikabaki wazi kidogo. Mpira ulikuwa umechungulia nje ya mfereji kwenye kona moja.

Nilirudi kuangalia namba za simu nilizohifadhi. Kweli, tangu tarehe 20 joto la asubuhi lilikuwa linachelewa kupanda, nusu saa bado liko nyuzi 78. Ishara ilikuwepo, sikuisoma.

Gari likapumzika. Wiki moja nilipanda daladala.

7 Septemba. Mara ya pili, kwa utaratibu

Nilinunua seti kamili ya 430,000. Kabla ya kulipa nilimwomba muuzaji anipigie picha namba ya spea ilivyochongwa kwenye plastiki yenyewe, nikalinganisha na namba iliyokuwa kwenye nyumba yangu ya zamani. Boksi linaweza kuchapwa na mtu yeyote mwenye printa. Vilevile niliuliza themostati zimo ndani au nyumba ni tupu, maana kuna seti za bei nusu ambazo ni tupu.

Kwanza kusafisha. Kwa unga niliouweka Julai ilibidi tufungue hozi za hita na kusukuma maji safi kinyume na mwelekeo wake wa kawaida. Yalitoka ya kahawia, tukarudia mara sita hadi yakatoka meupe. Uso wa aluminiamu tuliukwangua silikoni kwa kipande cha plastiki ngumu. Usitumie bisibisi, mkwaruzo mmoja tu ni njia ya maji.

Mpira mkavu, mfereji umefutwa, pampu na nyumba vikaingia vikiwa kitu kimoja. Mkanda mpya. Toki renchi ndogo tulikodi kwa mtu wa pikipiki kubwa. Boliti hizi ni ndogo na zinakaa kwenye plastiki, mkono wa fundi aliyezoea nati za magurudumu unazivunja bila yeye kuhisi. Tulikaza kwa mzunguko, kwa mpangilio wa mwongozo, hatua kwa hatua. Mkanda tukauwekea mkazo kwa kusukuma pampu kama inavyotakiwa, tukazungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, tukahakiki tena.

Koolanti nilinunua kwa namba ya kiwango iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Rangi si kiwango, kila kampuni inapaka inayotaka, na ukichanganya aina zisizopatana zinaweza kuganda kama uji. Nusu koolanti, nusu maji ya betri yaliyoondolewa chumvi. Soma lebo, maana kwenye rafu hiyohiyo kuna asidi ya betri. Maji ya bomba ya kwetu yana chumvi, na chumvi ikikauka kwenye uso wa sili inakuwa kama mchanga. Sili ya pampu inalainishwa na koolanti hiyohiyo inayozunguka. Ukiendesha miaka na maji matupu unaisugua ikiwa haina mafuta yake. Sisi hatuna barafu lakini dawa zilizomo ndani ya koolanti tunazihitaji kama wengine.

Gharama: seti 430,000, parseli 8,000, koolanti 80,000, maji ya betri 15,000, kukodi toki renchi 30,000, kusafisha mfumo 40,000, ufundi 100,000.

14 Septemba. Hewa

Tulikinga lita 5 na nusu, lakini chupa ilijaa baada ya lita 4 tu. Hesabu hiyo peke yake ilitosha kutuambia kuna lita moja na nusu ya hewa ndani. Dalili zikafuata: hita inatoa upepo baridi wakati injini ni ya moto, chupa inakoroma ukizima, na kwenye simu joto linaruka kutoka 92 hadi 108 na kurudi 95 ndani ya dakika moja. Njia ya kawaida ya kuacha kifuniko wazi na injini inawaka ilitupa nusu lita tu. Injini hizi zina vijia vinavyopanda na kushuka kuelekea turbo na hita, hewa inakaa kwenye miinuko na haina haraka.

Dawa yake ni kifaa cha kuvuta hewa kinachotumia kompresa. Kinafungwa kwenye mdomo wa chupa na kunyonya mpaka hozi zote zinabonyea. Unafunga koki na kusubiri dakika kumi. Mshale ukibaki palepale, mfumo hauvuji, kwa hiyo ni kipimo pia. Kisha unafungua koki ya upande wa pili na koolanti inavutwa yenyewe kujaza kila pembe. Iliingia lita moja iliyobaki ndani ya sekunde chache. Hita ikawa ya moto papo hapo.

Gharama: 35,000. Kama gereji yako haina kifaa hiki, tafuta inayokipangisha kabla hujafungua boliti ya kwanza.

Jumla hadi hapa ni 1,244,000. Katika hizo, 456,000 ni za makosa: kifuniko na ufundi wa Iringa, dawa ya unga, kazi nzima ya Agosti 17, na kusafisha unga.

5 Oktoba, kilomita 91,377. Kitonga

Nilipanda saa nane mchana kwa makusudi, AC imewashwa, abiria watatu na gunia la mchele. Mbele yangu kulikuwa na lori la mafuta linalotambaa. Dada yangu alishika simu na kunisomea namba: 94, 97, 101, 103. Ikasimama 103. Feni ikaingia, ikashuka 99. Juu ya mlima, kwenye tambarare, 91. Mshale wa dashibodi, kama kawaida yake, 90 mwanzo hadi mwisho.

Usiku niliegesha palepale uani. Nilitandika gazeti jeupe chini ya giaboksi, nikaweka jiwe kila pembe. Baridi ya Oktoba si kali kama ya Agosti, kwa hiyo kipimo cha kweli kitakuwa Juni na Julai ijayo, na nitaongeza hapa. Lakini saa 11 na nusu mama alikuwa ameshatoka kabla yangu. Nilimkuta ameinama, amelisogeza jiwe moja, anapapasa gazeti kwa kiganja.

"Pakavu," akasema, akaenda kuwasha jiko.

Usawa wa chupa: juu ya utepe, mahali palepale pa tarehe 14 Septemba.